Simu ya Mwalimu Ukutani

Wenzangu mliobaki kituoni mmeniuliza mara nyingi kwa nini semina zangu zote, hata za walimu walioijua kompyuta kuliko mimi, zilianza kwa jambo moja: kila mtu atoe simu yake, aingie kwenye mipangilio, azuie ujumbe usijitokeze wenyewe juu ya kioo. Mliita hiyo ibada ya Madam Koku. Nilikuwa nacheka na kupita. Sasa nimestaafu, nyumba yangu hapa Pasiansi, Mwanza, imekuwa kimya kuliko nilivyotegemea, na nimeona niandike. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilizaliwa Kagera katika nyumba ambayo baba alikuwa akienda kulala, anarudi kutikisa kufuli ya chumba cha kahawa, anaenda tena kulala, anarudi tena. Ndugu zangu walirithi migomba, mimi nikarithi kule kurudi. Katika kazi ya kuwafundisha walimu kutumia intaneti darasani, tabia hiyo ilinifaa sana. Umeme utakatika. Modemu itagoma. Bando litaisha katikati ya video inayoonyesha moyo unavyosukuma damu, na moyo utasimama mbele ya wanafunzi wote. Niliyawaza hayo kila nilipofunga begi langu, na kwa kuwa mengi yalitokea kweli, hakuna aliyeniona mgonjwa.

Siku yangu ya kwanza kituoni nilikuta chumba chenye kompyuta zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, vile vya kuwekwa kwenye makochi. Mlangoni kulikuwa na viatu vimepangwa kama msikitini. Nilivua vyangu, nikaingia kwa soksi, nikasimama pembeni nikiogopa kupumua. Mwalimu mmoja aliyetoka upande wa Buhongwa alikuwa anawasimulia wenzake kwamba shuleni kwao kompyuta hupanguswa vumbi kila Ijumaa na hazijawahi kuharibika hata moja. Walipomuuliza zinatumikaje, alishangaa. Hazikuwa zimewahi kuwashwa.

Aliyenipokea ni Mzee Lubango, mkufunzi wa kituo, Msukuma mrefu aliyefundisha hisabati miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye mambo haya. Alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Alivitoa vile vitambaa kimoja kimoja, akavikunja, akaviweka kwenye droo, na hatukuviona tena. Kisha akaniita nitazame begi lake. Lilikuwa na waya mrefu wa umeme, modemu za mitandao miwili tofauti kwa sababu kila kijiji kina mtandao wake kinaoupenda, tepu, flashi yenye masomo yaliyopakuliwa kabla ya safari, kanga nyeusi ya kuziba dirisha, na shuka jeupe la kutundika ukutani pale ambapo ukuta umechoka. Nimebeba vitu hivyohivyo hadi siku nilipokabidhi ofisi. Mkinicheka kwa shuka, sawa, lakini kuta za shule zetu mnazifahamu.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa namna ya kusimama. Tulisoma vyuoni kwamba mwalimu halipi darasa mgongo, na sisi tukaacha kufuata mara tulipopata projekta, kwa sababu picha inavuta macho ya kila mtu, mwalimu akiwemo. Mzee Lubango hakulikubali hilo hata kidogo. "Binti," aliniambia siku nilipokuwa najifunza mbele yake, "picha iko ukutani, ila darasa liko mbele yako. Ukigeuka kuangalia picha, na wewe umekuwa mwanafunzi, na darasa halina mwalimu." Nikalishika neno hilo, nikawapa walimu wote waliopita mikononi mwangu. Nawaomba mlikumbuke, kwa sababu litarudi.

Kesi ngumu hazikuwa za mashine. Mashine ukiizima ukaiwasha, mara nyingi inatulia. Kilichonisumbua ni hofu ya mwalimu kukutwa hajui. Pale Misungwi nilikuwa na mwalimu wa baiolojia, mama mwenye heshima zake, aliyelia chooni kwa sababu mtoto wa kidato cha kwanza alipata kwenye intaneti jibu tofauti na lililokuwa ubaoni. Nilikaa naye. Nikamwambia siku nyingine amwombe mtoto asome kwa sauti, halafu waulizane pamoja: nani kaandika hiki, na kajuaje? Alifanya hivyo, kwa uso uliokunjamana, na baadaye ikawa ndiyo silaha yake. Lakini nilivyokuwa naendesha semina zangu, kila mara nilitazama mikono ya walimu kabla ya nyuso zao. Mkono unaotetemeka juu ya kibodi hausikii maelezo yako.

Ndivyo nilivyomfahamu Mwalimu Magesa. Yeye mkono wake haukutetemeka. Ulishika simu.

Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Misungwi, Mkerewe, mtu wa makamo, mwenye sauti ya kuimba kwaya. Kwenye semina zangu kulikuwa na boksi la chaki ambamo kila mtu aliweka simu yake mpaka saa ya chai, maana ukimfundisha mtu intaneti huku simu yake iko wazi, utamkuta kwenye kundi la harusi. Wote waliweka. Magesa hakuweka. Nilipopita na boksi mara ya pili aliinuka, akaniomba tutoke nje.

"Madam, usinione mkaidi," alisema. "Mama yangu anaumwa. Yuko Ukerewe, na mdogo wangu Deus. Mimi ndiye mkubwa. Nikiambiwa njoo, natakiwa niwe nimeondoka jana."

"Anaumwa sana?"

"Safari hii, sana. Ninachoomba ni kumkuta. Hilo tu, Madam. Baba sikumkuta."

Nilimwambia akae na simu yake. Tangu hapo nami nikawa naitazama ile simu mezani kwake, na kila ilipowaka nilipoteza sentensi niliyokuwa nasema. Ilikuwa inatangaza bahati nasibu, au kumkumbusha anunue bando. Walimu wengine walidhani namchukia.

Baada ya semina utaratibu wetu ulikuwa kumfuata kila mwalimu shuleni kwake, kumwona akifundisha. Nilifika kwake siku ya kipindi cha kidato cha pili, kile kinachofuata baada ya chai ya asubuhi. Alikuwa amechagua somo zuri: kuwaonyesha wanafunzi picha za setilaiti za ziwa letu, waone mwambao, visiwa na vinamasi kwa macho ya ndege, kisha wachore. Chumba kilichochaguliwa kilikuwa cha mwisho, upande wa mlimani, kwa sababu ndipo mtandao ulipokamata vizuri. Nilitundika shuka langu. Projekta ikawaka. Modemu ya kwanza ikagoma, ya pili ikagoma. Kompyuta ya shule nayo ikaanza kujipakia mambo yake, ikatuomba tusubiri.

"Tutumie simu yangu," alisema Magesa. "Ina bando, na ule waya wako unaingia. Tena afadhali. Nikiiweka kwenye somo nitakuwa naiona muda wote."

Nilisita. Sikuweza kusema nasita kwa nini, nikadhani ni ile tabia ya baba. Wanafunzi walikuwa wameshaketi. Tukaunganisha simu yake kwenye projekta, na kila kilichokuwa kwenye kioo chake kikawa kwenye shuka langu, kikubwa kama mlango.

Nawaambia kweli, sijaona kipindi kizuri kama kile. Alisimama kama tulivyofundishana, uso kwa wanafunzi, shuka nyuma yake, simu mezani kando ya projekta. Alikuwa anainama anaisogeza picha kwa kidole kimoja, anainuka, anawatazama watoto. Akawaonyesha Mwanza na mawe yake, akawaonyesha mto unavyomwaga tope ziwani. Watoto walisahau kukohoa. Kisha mmoja akasema, "Sir, tuonyeshe na kwenu," darasa likacheka, naye akacheka, akasogeza picha kuelekea kaskazini mpaka kisiwa cha Ukerewe kikajaa shuka lote. Akaiacha simu, akaanza kueleza kwa nini kisiwa kidogo kinaweza kulisha watu wengi.

Hapo ndipo ujumbe ulipojitokeza, juu kabisa ya picha, jina la mtumaji kwa herufi nene. *Deus.* Chini yake: *Kaka njoo leo. Mama kazidiwa. Anakuulizia.*

Darasa zima lilisoma. Mimi nilikuwa nyuma, nikasoma. Mtu pekee ambaye hakusoma alikuwa yeye, kwa sababu alikuwa anatutazama sisi.

Hakuna asiyejua maneno hayo kwetu yana maana gani. Mtu haambiwi msiba kwa simu, peke yake, akiwa amesimama. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa, aje. Anakuja, anakalishwa, watu wazima wanakuwepo, ndipo anaelezwa. Watoto wa kidato cha pili walilijua hilo sawa na mimi. Ujumbe wa pili ulipoanza kujitokeza, binti mmoja wa mbele, anaitwa Kabula, aliinuka bila kuambiwa na kuweka daftari lake mbele ya projekta. Shuka likawa giza.

"Kabula, kuna nini?"

"Taa inaniumiza macho, sir. Naomba tuchore kwanza."

Na wote wakainama wakaanza kuchora. Magesa aliwaangalia, akafurahi. Alidhani wamelipenda somo. Akaanza kupita kati ya madawati akiwasahihisha mwambao, na kila mtoto aliyemkaribia alizidi kuinamisha kichwa. Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda ofisini.

Mkuu wa shule, mama mmoja mtulivu ambaye walimu wake walimpenda na kumwogopa, alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunga mlango. Akasema tumwache amalize kipindi, kisha tumlete ofisini, tumkalishe. Akawaita walimu wawili wakubwa kwa umri. Akamtuma mtu atafute gari, kwa kuwa mfiwa hasafiri peke yake, na mwingine aende nyumbani kwa Magesa akamwandae mkewe. Yote yalifanywa kwa upendo na kwa utaratibu. Tulitaka kumpigia Deus tupate hakika, ila namba yake ilikuwa kwenye ile simu iliyokuwa darasani.

Mimi nilikuwa naitazama saa ya ukutani. "Mkuu, kuna boti ya mchana ya Nansio, kule Ukerewe," nilisema. "Kutoka hapa mpaka bandarini Mwanza ni mwendo."

"Madam, marehemu hana haraka," alinijibu kwa upole. "Huyu aliye hai ndiye wa kutunza."

Nikakubali, maana nami niliamini kama yeye. Nilichokuwa nacho ni wasiwasi tu, na wasiwasi wangu ulikuwa umeshapiga kelele mara nyingi mno kwa mambo ya modemu.

Kengele ikalia. Akaletwa. Alipoingia ofisini akakuta kiti kimoja kitupu katikati na watu wazima wamekaa kimya, alielewa tumekusanyika kwa ajili gani. Hakukaa.

"Semeni."

Mkuu wa shule alisimama. "Mwalimu, kuna ujumbe uliingia kwenye simu yako ukiwa unafundisha. Watoto wakauona. Tukaona tusikushtue. Kaa kwanza, baba."

Aliitoa mfukoni simu aliyoichomoa haraka alipoitwa, bila kuitazama, akasoma. Nilitegemea apige kelele. Badala yake alipiga simu, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba sote tulimsikia mdogo wake upande wa pili.

"Kaka, umefika wapi? Uko bandarini?"

"Deus, niambie ukweli."

"Ukweli upi? Yuko hai. Anakuuliza kila akifumbua macho. Kaka, ingekuwa msiba ningekuandikia mimi? Ningekufuata."

Magesa alitugeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Deus haandiki msiba," alisema polepole. "Kwetu msiba mtu anafuatwa. Akiandika, maana yake mama yupo."

Gari lililotafutwa lilikuwa bado halijafika, na boti ya mchana ilikuwa imeshang'oa nanga. Kuzungukia Bunda kwa barabara hadi kule kwenye kivuko cha kisiwani, giza lingetutangulia na kivuko kingekuwa kimefungwa. Iliyobaki ilikuwa boti ya asubuhi. Mkuu wa shule alikaa kwenye kile kiti kitupu, akafunika uso kwa mikono.

Nikasema, "Mpigie ya picha, akuone." Sikujua kama nasaidia au naharibu. Alijaribu palepale, picha ikaganda, ikakatika. Tena bando lake lilikuwa limekwisha, maana zile picha za ziwa zinakula kama moto. Nikanunua jingine kutoka simu yangu, vidole vyangu vikikosea namba ya siri. Na mtandao wa kueleweka ulikuwa sehemu moja tu shuleni, kile chumba cha mwisho upande wa mlimani.

Kidato cha pili walikuwa bado wamekaa. Kengele ilikuwa imelia, hakuna aliyetoka. Kabula alikuwa bado ameshika daftari lake. Magesa alienda dirishani, akapiga, na safari hii ikashika. Tuliona paa la bati, kisha bega la Deus, kisha paji la uso la mama mzee na macho yaliyokuwa yanamtafuta mtu nyuma ya simu badala ya ndani yake. Alizungumza Kikerewe. Kihaya chetu ni ndugu yake, nikaelewa karibu yote. Sikuwa na haki ya kusikiliza, na sikuondoka.

Alimwita kwa jina la utotoni. Akamuuliza kama amekula. Kisha akasema, "Saa hizi uko nami. Watoto wa watu umemwachia nani?"

"Niko nao hapa, mama."

Akaigeuza simu. Watoto wakasimama wote kwa pamoja, kama anavyosimamiwa mkaguzi, wakasema shikamoo bibi. Ikachukua muda kufika kisiwani. Tuliona midomo yake ikitafuta Kiswahili.

"Marahaba, wanangu," alisema. Halafu, kwa mwanawe, kwa Kikerewe: "Mbona ni wengi hivyo. Nao wamekula?"

Magesa alicheka na kulia kwa pamoja, na darasa, ambalo halikuelewa neno hata moja, lililia naye. Waliongea mpaka mama akachoka. Alimwambia atamwona kesho. Mama akasema sawa, njoo na machungwa, kana kwamba Ukerewe hakuna machungwa.

Alilala kwangu Pasiansi, nikampeleka bandarini asubuhi. Njia nzima aliitazama simu. Ilikuwa imejaa chaji, na kimya. "Hakijaingia kitu, Madam," aliniambia getini, uso umelainika. "Atakuwa amelala vizuri." Nami nilishukuru Mungu, na nilivyogeuka kurudi nikaanza kuogopa upya, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka maneno ya Deus: ningekufuata.

Tangu siku ile hakuna mwalimu aliyeunganisha simu yake kwenye projekta mbele yangu bila kuzuia ujumbe kwanza. Wala sijawahi kuwaeleza sababu, maana iliyobaki ya hadithi hii haikuwa yangu mpaka Magesa mwenyewe aliponiruhusu, nilipokwisha kustaafu. Wakati ule alikuja kituoni baada ya matanga, akaleta shuka langu lililobaki darasani, amelifua na kulikunja, akanisimulia.

Boti ilipokaribia Nansio alikuwa amesimama ubavuni na simu mkononi. Mtandao ulikuwa umejaa. Hakukuwa na ujumbe wowote, wala simu iliyomkosa. Alikuwa anawaza aanzie sokoni kununua machungwa au aende moja kwa moja nyumbani. Ndipo alipomwona Deus gatini, amevaa shati la kanisani, na baba zake wadogo wawili wamesimama huku na huku. Hakuna aliyempungia mkono. Mwalimu Magesa aliizima simu, akaitia mfukoni, akasubiri boti ifungwe kamba.